Imeongezwa na Tienfu

Gari la taka lilikuwa limechelewa, na Sulan alikuwa amechoka hata kukasirika hawezi. Alisimama kona ya duka la dawa, mfuko wa taka mkononi, katikati ya majirani waliobeba mifuko yao, wote wamevaa ndala, wote wanatazama upande mmoja wa barabara. Mvua ilikuwa ile ya mji wa bandari wa Kilung, hainyeshi sawasawa wala haikatiki. Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi, kwa hiyo nje ya kila mlango kulikuwa na meza ya matunda, biskuti na wali kwa ajili ya ndugu wema. Ndivyo wanavyoitwa wafu wasio na mtu wa kuwatunza. Jina lao jingine halitamkwi mwezi huo. Na jina kamili la mtu haliitwi giza likianza kuingia, maana hujui nani mwingine amelisikia.

Masikioni Sulan alikuwa na hedifoni. Alikuwa anasikiliza orodha.

Ilikuwa orodha ya nyimbo ya watu wawili, yeye na mumewe Tienfu. Tienfu aliendesha gari la taka la mtaa huo miaka na miaka, na gari la taka hapa huja likipiga wimbo, ule ule wa kengele, ili watu watoke na mifuko. Hebu fikiria kuusikia wimbo mmoja kila jioni ya maisha yako, isipokuwa Jumatano na Jumapili ambazo gari halipiti. Tienfu alisema ulikuwa umemwingia mpaka kwenye meno. Ndipo wakatengeneza orodha kwenye simu zao, ya kuosha masikio. Humo waliweka kila walichokipenda: nyimbo za mapenzi za kizee, roki, jazi, opera ya mtaani, disko ya ujana wao, hata rapu aliyoileta binti yao Yichen kutoka Taipei. Yeyote kati yao aliweza kuongeza wimbo, na chini yake simu iliandika ni nani kauongeza.

Sulan, ambaye hupigia watu nguo pasi pale nyumbani, aliongeza akiwa mezani kwake. Tienfu aliongeza akisubiri kwenye mataa. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Sulan akiweka ule wimbo wa kuchekesha wa mwanamke anayemwuliza mumewe atakula nini leo, basi alikuwa anauliza kweli, na Tienfu alijibu kwa wimbo. Tumbo likimsumbua aliweka wimbo wa watoto wa uji wa viazi vitamu, na Sulan akaenda kubandika sufuria.

"Wimbo mmoja tu hautaingia humu," Tienfu alimwambia mwanzoni kabisa. "Ule wa gari. Siku ukiukuta humu, bosi, ujue si mimi."

Alimwita bosi. Tangu waoane hakuwahi kumwita Sulan.

Alikufa masika, moyo, akiwa kwenye kiti cha dereva, taa ikiwa nyekundu. Waliokuwa nyuma walipiga honi. Wimbo wa gari uliendelea kulia mpaka mtu mmoja akapanda na kuuzima. Jioni hiyo Sulan alikuwa ameuliza utakula nini. Hakujibiwa. Tangu hapo orodha ilifika kwenye swali lake, ikanyamaza, kisha ikaanza upya.

Jioni hii haikuanza upya.

Kimya...

Kisha mkwaruzo, kama kiberiti kilicholowa.

Kisha disko ya polepole, na sauti ya mwanamke asiyemjua. "Nina baridi," aliimba. "Nimekaa bandarini, mpenzi, nina baridi..."

Sulan alichomoa simu mfukoni. Jina la wimbo hakulijua. Chini yake paliandikwa: Imeongezwa na Tienfu.

Gari la taka lilifika, majirani wakarusha mifuko yao, likaondoka. Yeye alibaki na wa kwake mkononi. Alipanda ngazi mbio mbio na taka zake, akavuta droo ya kitandani. Simu ya Tienfu ilikuwepo. Betri imevimba, kioo kimebenuka upande mmoja, laini ilikwisha kufungwa tangu mazishini. Aliiweka sikioni hata hivyo. Haikusema kitu, ila ilinuka majivu yaliyolowa.

Mwenye akili zake angeogopa. Sulan alifurahi. Tusimlaumu. Miezi yote hiyo alikuwa anapiga pasi mashati ya waume za watu, na hakuna aliyemwuliza kitu wala kumjibu kitu. Alikaa kitandani akalia kwa furaha, kisha akaongeza wimbo wa kizee wa mwanamke anayefuma sweta.

Kesho yake alijibiwa. Roki safari hii, gitaa zito, na mwanamume anayepaza sauti kwamba anavuka daraja kwa miguu, viatu vimejaa maji. Keshokutwa ikaja opera ya mtaani: mtu yuko sokoni, anauliza njia ya nyumba ya mpiga pasi. Sulan hakuunganisha. Alikuwa amechoka mno hata kuunganisha mambo. Usiku halali, anasikiliza. Akipiga pasi anasinzia wima, mpaka harufu ya kitambaa kinachoungua inamshtua. Sifongo za hedifoni zilianza kuacha weusi masikioni mwake, na kila alipoosha ule weusi ulinuka majivu.

Siku ya tatu aliuliza tena: utakula nini?

Jibu lilikuja kabla wimbo wake haujaisha. Jazi. Tarumbeta chini chini, na sauti inayonong'ona karibu sana na sikio.

"Chochote... nipe chochote... nipe chote..."

* * *

Jumanne alikuja Chunmi, dada yake Tienfu, kusaidia kuandaa meza ya ndugu wema. Chunmi anauza samaki, na mdomo wake hauna breki.

"Ee, wifi! Hiyo mifuko ya chini ya macho unauza kilo bei gani?"

"Niache, wifi. Sijalala."

"Nani anakunyima usingizi? Kama umepata bwana sema, nikachague gauni."

Sulan alitaka kucheka, akajikuta analia. Akamweleza yote. Chunmi alikuwa na chungwa mkononi, anamenya, na mwanzoni aliendelea kumenya kama anayesikiliza habari za mgonjwa. Akavaa hedifoni. Akasikiliza disko, roki, opera. Alipofika kwenye ile jazi, chungwa likamponyoka.

"Anasema chochote?" aliuliza taratibu.

"Ndiyo."

"Kaka yangu? Asiyekula tangawizi, asiyekula kitunguu, aliyerudisha supu ya mama mzaa chema kwa sababu ina jani? Huyo ndiye anasema nipe chochote?"

Nje mtu alikuwa akichoma karatasi za sadaka, na moshi uliingia dirishani.

"Wifi, kaa chini," Chunmi alisema. "Kaa. Nina jambo nililinyamazia, kwa sababu ulikuwa na msiba wako na sikutaka kukuongezea."

Siku ya mazishi walimchomea Tienfu vitu vyake vya karatasi, avipate huko aendako: nyumba ya ghorofa, simu, na gari la taka la njano lililoletwa na madereva wenzake. Vitu vikiungua, wafiwa huuzunguka moto wameshika kamba, duara kamili bila pengo, ili ndugu wema wasiingie kuchukua kisicho chao. Sulan alikuwa hajalala siku tatu. Alishika kamba upande wa barabarani.

"Ulisinzia," Chunmi alisema. "Umesimama, macho yamefumba. Kamba ikakutoka mkononi, ikalala chini. Nilinyoosha mkono, sikukufikia. Nikajiambia ni muda mfupi tu, nani ataona..."

"Ameona mtu."

"Ameona mtu. Simu anayo yeye. Na gari, nadhani."

Sulan alitazama mikono yake. "Na Tienfu ana nini?"

Chunmi aliokota chungwa, akaliweka mezani, akalisogeza, akalisogeza tena.

"Wifi, nakuuliza. Mume wangu ana nini huko aliko?"

"Hana kitu," Chunmi alisema. "Amesimama tu, mikono mitupu."

Kilichomuuma Sulan hakikuwa hofu, ingawa ilikuwepo. Kilichomuuma ni kwamba siku zote hizo alikuwa anamfumia sweta mtu mwingine.

"Futa hiyo orodha," Chunmi alisema. "Sasa hivi. Si kuna pa kumwondoa?"

Palikuwepo. Sulan alipabonyeza, na simu ikauliza kama ana hakika. Ukimwondoa Tienfu, ilisema, nyimbo zote alizoongeza zitaondoka pia. Zote. Roki ya safari ya kwanza, ile ya kizee aliyoiweka siku Yichen alipohamia Taipei, nyimbo za foleni, nyimbo za kuomba msamaha. Yote aliyowahi kumwambia.

"Siwezi, wifi."

"Huyo anakuja hapa. Hujasikia? Bandarini, darajani, sokoni!"

"Nimesikia sasa. Siwezi."

Chunmi alimtazama sana, kisha akapumua kama anayetua ndoo. "Basi tutamchomea simu nyingine. Kwa jina lake, kwa kamba. Yichen anafika kesho, tutakuwa watatu. Watatu wanatosha duara. Lakini mpaka hapo usiongeze wimbo, usijibu, na ukisikia jina lako usiitike. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na ulale, jamani. Unatisha kuliko hao ndugu wema."

* * *

Kesho yake jua likielekea kuzama Chunmi alikwenda stesheni kumpokea Yichen. Sulan alibaki na mashati. Alijiahidi hatasikiliza. Kisha alijiambia atasikiliza zile za zamani tu, zile za Tienfu mwenyewe, amalize mashati mawili matatu. Aliweka hedifoni. Pasi ilikwenda na kurudi. Mvuke, joto, mvua dirishani. Kope zikawa nzito.

Mkwaruzo.

Kengele.

Ting... ting ting... ting...

Macho yalimtoka. Wimbo wa gari la taka, humo ndani ya orodha, na chini yake jina la mumewe.

*Ujue si mimi.*

Alizing'oa hedifoni akazitupa kitandani. Wimbo haukukata.

Ulikuwa nje.

Ulikuwa unaingia kichochoroni, polepole, kama unavyoingia siku zote, na mwili wa Sulan ukafanya kile ulichofanya kila jioni ya ndoa yake. Ukazima pasi. Ukavaa ndala. Ukachukua mfuko wa taka nyuma ya mlango. Alikuwa katikati ya ngazi alipojiuliza mbona hakuna jirani hata mmoja anayeteremka. Kwa kawaida ngazi hizo saa hiyo ni kelele tupu, mama wa juu anamkaripia mumewe, mfuko wa mtu unavuja.

Kimya. Yeye na ndala zake.

Alitoka nje. Kichochoro kilikuwa kitupu, meza za sadaka zimepangwa mlango hadi mlango, vijiti vya ubani vinafuka. Mwishoni mwake gari la njano lilikuwa limesimama. Taa zinawaka, lakini hazimuliki chini. Mvua iliyoligonga haikutoa mlio wa bati. Ilitoa mlio wa mvua kwenye karatasi.

Leo Jumatano, alijikumbusha. Wazo lilikuja taratibu, kama linatoka chini ya maji. Jumatano gari halipiti.

Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na mtu. Amekaa wima mno, mikono mapajani, kama aliyekaa kwenye kiti cha watu.

"Lin Sulan," akaita.

Si sauti ya mwanamume wala ya mwanamke. Ilikuwa na mkwaruzo wa kiberiti.

Sulan alibana midomo.

"Lin Sulan. Umechoka."

Miguu yake ilipiga hatua, kisha nyingine. Alikuwa amechoka kweli, hilo ndilo baya. Angekuwa anatishwa angekimbia, lakini alikuwa anahurumiwa, na tangu masika hakuna aliyemhurumia hivyo. Mlango wa upande wa abiria ulikuwa wazi. Kiti kilionekana kikavu. Kwenye kiti palikuwa na sweta, lililofumwa nusu.

"Panda upumzike... Itika tu."

Ulimi ulikwisha kugusa meno. Neno lilikuwa tayari kinywani, dogo tu, la kuitikia.

"We mama, una wazimu?"

Ilikuwa sauti ya muuza samaki, na ilijaa kichochoro kizima.

"Jumatano unatupa taka za nani? Toka kwenye mvua!"

Sulan aligeuka. Chunmi alikuwa anakuja mbio, mwavuli umepinduka, na nyuma yake Yichen na begi lake. Alipotazama tena mbele, palikuwa na ukuta, na chini yake maji meusi ya majivu yanaelekea mtaroni. Mfuko wake wa taka haukuwa mkononi. Hawakuuona popote.

"Mama, ulikuwa unaongea na nani?" Yichen aliuliza.

"Sikuongea," Sulan alisema. "Mungu shahidi, sikuongea."

* * *

Hawakungoja. Waliburuta pipa la chuma la kuchomea sadaka mpaka katikati ya kichochoro. Simu ya karatasi Chunmi alikwisha kuinunua, nzuri, ina hata chaja yake. Yichen aliandika juu yake jina la baba yake na tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Wakashika kamba. Sulan hakuishika. Aliifunga kwenye kifundo cha mkono, mafundo mawili, akaipitisha kwa wifi na kwa binti, ikarudi kwake.

Moto ulishika.

"Baba, njoo uchukue," Yichen aliita. "Baba, hii ni yako."

Simu ilijikunja pembeni, ikawa nyeusi. Hapo Sulan alihisi kamba ikivutwa. Si kwa nguvu. Ilivutwa kidogo, kwa adabu, kutoka nje ya duara, kama mtu aliye nyuma yako kwenye foleni anayetaka kujua kama umelala.

"Wifi..." alinong'ona.

"Naihisi. Usigeuke."

Ikavutwa tena, muda mrefu zaidi. Kamba ilimkata ngozi. Sulan alisimama macho wazi, machozi yanamtoka kwa moshi, na hakufumba hata mara moja mpaka jivu la mwisho likaruka. Kisha kamba ikalegea, wakabaki wanawake watatu walioloa wanaonuka moshi.

Ndani, Yichen alichemsha maji. Simu ya Sulan ilikuwa mezani, hedifoni imechomolewa. Wimbo wa gari ulikuwa bado ndio wa mwisho. Sulan, kwa kidole chenye damu, akaongeza ule wa kuchekesha. Utakula nini leo?

Walisubiri. Chai ilipoa.

Simu ikawaka. Sauti za watoto, nyembamba, zimekosa pumzi, wanaimba uji wa viazi vitamu.

Imeongezwa na Tienfu.

Chunmi alipiga kelele. Yichen alimkumbatia mama yake, na Sulan alicheka mpaka akakosa nguvu, akalaza kichwa mezani. Tangu masika alikuwa anangoja jibu hilo. "Tumbo lake," alisema. "Bado linamsumbua yule mzee." Akainuka kubandika sufuria. Watoto walimaliza kuimba.

Kimya kidogo.

Kisha kengele. Ting... ting ting... ting...

Imeongezwa na Tienfu.

Sulan alisimama na viazi mkononi mpaka wimbo ukaisha wenyewe.

* * *

Mwezi wa saba ulikwisha. Chunmi alimsihi afute kabla jua la siku ya mwisho halijazama, maana baada ya hapo lango la wafu hufungwa, na aliyebaki upande huu ana pa kukaa. Sulan alishika simu jioni nzima. Jua likazama.

Orodha inaendelea kukua. Mchana zinaingia nyimbo mbili tatu, jioni zaidi, na zote zina jina moja chini yake. Nyingine Sulan hajui ni za lugha gani. Nyingine ni kilio tu chenye ngoma. Yeye husikiliza zote, moja baada ya nyingine, mashati yanapanda na kushuka mezani, kwa sababu katikati yake, baada ya siku kadhaa, huingia mmoja ambao ni wake kweli. Wa uji. Au wa jazi wanaoujua wawili tu. Haiwezekani kuuchagua huo ukaacha mingine. Chunmi anasema amekonda. Anajibu kwamba hajambo, amechoka kidogo tu.

Jumatano ndiyo siku ngumu. Jumatano jua likianza kushuka hufunga ile kamba kwenye kifundo cha mkono, mafundo mawili, na ncha ya pili huifunga kwenye mguu wa meza ya pasi. Ndipo anavaa hedifoni.

Jumatano iliyopita alisinzia hapo hapo kitini. Alipoamka kengele zilikuwa zimekwisha na chumba kilinuka majivu. Fundo la mkononi lilikuwepo. Mguu wa meza ulikuwa mtupu. Kamba ilikuwa imepita sakafuni, ikaingia chini ya mlango, ikaelekea ngazini, na huko chini mtu alikuwa ameishika, maana ilikuwa imekaza.

Sulan hakuivuta. Alikaa akitazama mlango, na mpaka leo hajui aliyeshika ile ncha alikuwa anamtoa au anamzuia asitoke.